Kutengeneza tela la kambi nyumbani: kabla hujauliza chuma cha milimita ngapi

Wengi wanaokuja kuliangalia tela langu hapa nyumbani Arusha swali lao la kwanza ni moja tu, "chuma umetumia cha milimita ngapi?" Yaani watu wameshajiwekea kichwani kwamba tela la porini ni kushindilia chuma kinene mwanzo mwisho na likishakuwa zito basi ndio limekuwa imara. Mimi kiukweli siamini hivyo kabisa. Unene wa chuma nauweka wa nne huko. Kabla yake kuna umeunganisha wapi na kwa namna gani, halafu uzito umekaa wapi, halafu kuna hili ambalo watu hawaliwazi kabisa mpaka yawakute: likikufia kule Engaruka au Mang'ola, utalitengeneza na nini?

Nimekaa kwenye gereji za magari ya utalii miaka mingi na matela yaliyokatika nimeyaona ya kila aina, ya kubebea mahema na vyakula vya wageni, ya watu binafsi, mpaka ya wasafiri wanaotoka Afrika Kusini wanaingilia Tunduma wanapandisha huku na familia zao. Kilichokuwa kinanishangaza ni kwamba karibu yote yanakatikia pale pale. Ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, sentimita chache tu kabla haujaingia chini ya boksi. Ukimuuliza dereva atakwambia hakugonga kitu, hakuruka shimo, alikuwa anaenda zake taratibu akasikia gari limekuwa jepesi.

Na anasema kweli, hakugonga kitu. Barabara kama ile ya kutoka geti la Naabi kwenda Seronera, au ile ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, inakuwa na yale mawimbi madogo madogo yamepangana kilomita na kilomita, na kila wimbi linaupinda mkono wa tela kidogo sana kisha linaurudisha, ukienda saa nzima umeshaupinda maelfu ya mara. Ni kama waya, ukiukunja mara moja haukatiki, ukiukunja-kunja palepale unakatika hata kama una vidole vya mtoto. Kwa hiyo chuma kinakufa kwa uchovu, kinaanza na kaufa kembamba kama unywele ambako hukaoni maana kamejaa vumbi, kanatembea taratibu, siku kakifika nusu ya paipu siku hiyo ndio unasikia gari limekuwa jepesi.

Sasa ukishalielewa hilo, namna nzima ya kujenga inabadilika. Swali linakuwa ni wapi chuma kinapinda zaidi na nifanye nini ili pale pasiwe na mahali pa ufa kuanzia.

Nikianza na chuma chenyewe. Chukua skwea paipu ya 50 kwa 50 ya milimita 3. Ukiona ni nyepesi ukaenda ya milimita 6 ya ukubwa ule ule, uzito unakaribia kuwa mara mbili lakini ugumu wake wa kutopinda hauongezeki hata mara mbili, ni kama mara moja na theluthi mbili hivi. Ila ukichukua paipu ya 100 kwa 50 ya milimita 3 ukaisimamisha, uzito umeongezeka kama nusu tu na ugumu umezidi mara tano. Mara tano! Kimo ndio kinafanya kazi, unene unakuja nyuma. Chasisi yangu na mkono wake vimekula kama mita 17 za paipu, ya 100 kwa 50 milimita 3 mita moja ina kilo kama 6.6, ya milimita 6 inaenda kama 12 na zaidi. Piga hesabu utaona tofauti ni karibu kilo 100, yaani maji ya karibu lita 100. Mimi kati ya kubeba chuma ambacho hakina kazi na kubeba maji ya kunywa na kuoga ya familia nzima nachagua maji, sijui wewe.

Ila nenda dukani na venia kalipa yako mfukoni, kile kifaa cha kupimia unene wa chuma. Unaambiwa hii ni milimita 3, ukipima ncha unakuta 2.5 au chini ya hapo, na hapo umeshapakiwa kwenye guta. Pima pale pale, bila ugomvi, unasema tu "kaka naomba nipime" na kama sio yenyewe unasogea duka la pili.

Mkono wenyewe nimeujenga wa herufi A, paipu mbili zinatoka kwenye kichwa cha kuvutia zinafunguka kurudi nyuma, na hili ndilo naomba ulisome mara mbili: haziishii kwenye mwamba wa mbele wa boksi, ile boriti inayokatisha upana wake. Zinapita chini yake zinaendelea mpaka kwenye mshikio wa mbele wa springi. Matela mengi yaliyokatika mkono ulikuwa umekuja ukagonga mwamba wa mbele ukachomelewa pale ukaishia, nguvu yote ya kuvuta na kupinda inamalizikia kwenye mstari mmoja wa weldingi. Ukizipitisha mpaka kwenye springi, zile nguvu zinatoka kwenye gari zinaenda moja kwa moja kwenye ekseli, boksi linakaa juu limestarehe.

Pale paipu inapopita chini ya mwamba wa mbele, nimechomelea pembeni tu, kwa urefu. Juu na chini ya paipu sijapitisha weldingi kwa kukatisha hata kidogo. Mkono ukipinda, uso wa juu na uso wa chini ndio vinavyovutwa na kubanwa kuliko sehemu yoyote, katikati pembeni pako kimya. Sasa ukipitisha mstari wa weldingi kukatisha uso wa chini umeuchorea ufa njia ya kupita. Hivyo hivyo na matundu ya kupitishia waya wa taa, toboa katikati ya ubavu, usitoboe juu wala chini.

Viraka navyo. Nimeona mkono umekatika, fundi kaunganisha, kaweka pleti ya nguvu ya milimita 6 juu yake, mraba safi, kaizungushia weldingi pande zote nne, mteja kafurahi kaondoka. Baada ya muda lile tela linarudi limekatika tena, safari hii limekatikia mwisho wa kiraka. Lazima! Chuma kilikuwa chembamba ghafla kikawa kinene ghafla, mpindo wote unajikusanya pale kwenye mpaka. Kama lazima uweke kiraka kikate ncha zake ziwe zimechongoka, mfano wa almasi ya kwenye karata, ili ugumu uingie taratibu na utoke taratibu, na zile ncha usizizungushie weldingi, ishia kabla.

Kuhusu kuchomelea nyumbani, mashine ndogo ya inveta inatosha kabisa kwa kazi hii, huhitaji umeme wa kiwandani. Natumia rodi za 6013 za milimita 3.2, moto kati ya ampea 100 na 120, kwenye chuma cha milimita 3 mpaka 4 zinaingia vizuri. Kuna rodi za 7018 ambazo ni bora zaidi kwenye sehemu zinazopinda lakini zile zinataka ukavu, ukifungua pakiti mwezi wa nne masika hii ya Arusha ukaziacha mezani zinavuta unyevu, na unyevu ule unaingia kwenye weldingi, ufa unakujia kutoka ndani. Kama huna pa kuzikausha kwa joto kali na kuzitunza, baki na 6013 uchome vizuri.

Jambo kubwa ni saa ya kuchoma. Mtaani kwetu kuanzia saa 12 jioni kila mtu kawasha kila kitu, umeme unashuka, mashine inaonyesha namba ile ile lakini moto haupo, weldingi inakaa juu ya chuma imevimba inapendeza haijaingia. Kwa hiyo kazi za mkono na mishikio ya springi nilikuwa nazifanya asubuhi tu, jioni nafanya za kukata na kusaga. Na kila asubuhi kabla sijagusa tela nachukua vipande viwili vya chuma kile kile, navichomelea kwa umbo la T upande mmoja, nafunga kwenye vaisi, napiga na nyundo mpaka kivunjike au kilale. Ukikuta kimevunjika na ile kona ya ndani inang'aa, kingo ya chuma bado iko kali kama ilivyokatwa, maana yake hujayeyusha kitu, ongeza moto au subiri umeme. Ukikuta chuma kimepinda chote weldingi bado imeshika, endelea na kazi.

Halafu piga spoti kwanza kote, yaani vidoa vidogo vya weldingi vya kushikilia tu, kabla ya kuchoma moja kwa moja, pima kona kwa kona kwa tepu, vipimo hivyo viwili vya kukatisha vikilingana ndio chasisi iko mraba, kisha choma kidogo hapa hamia upande wa pili, kidogo kule rudi, usimalize upande mmoja ukahamia wa pili maana joto litakuvutia chasisi yote ijikunje. Ekseli nayo ipime kutoka katikati ya kichwa cha kuvutia mpaka kila mwisho wa ekseli, kushoto na kulia, isizidi tofauti ya milimita 3. Tela lisilopimwa hivyo linatembea upande upande na tairi zinaisha upande mmoja kabla hujafika popote.

Sasa miguu. Hapa ndio lile swali la utalitengeneza na nini linapojibiwa. Gari langu ni Land Cruiser ya mkonga ya zamani, 75, rimu yake ina studi 6, umbali wa duara lake milimita 139.7, na Hilux za 4WD ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nimechukua habu za Hilux, rimu za gari langu na tairi za size ile ile ya gari, 7.50R16. Spea moja inaingia kwenye gari na kwenye tela, kwa hiyo kwa safari nzima nina spea mbili zinazofanya kazi kwa tairi sita zote. Mwenye Land Cruiser 78 au 79 za kuanzia 1999 ajue zake ni studi 5 na duara la 150, asije akanunua habu za studi 6 kwa sababu ameambiwa "za Land Cruiser". Na ekseli iwe na upana wa kufanya tairi za tela zikanyage alama zile zile za gari. Kwenye lami huoni faida yake, ila ingia kwenye mchanga wa korongo kule Eyasi au kwenye lile jivu la volkano karibu na mlima Lengai uone, tela linalojichimbia njia yake lenyewe linamaliza nguvu yote ya gari.

Springi nilipeleka Unga Limited kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu tangu ujana. Nilimpelekea springi za nyuma za Land Cruiser, nikamwambia shikamoo mzee, nataka unifungie hizi kwenye tela. Akaitikia marahaba, akaziangalia akauliza, "Tela lako likijaa ni kilo ngapi mwanangu?" Nikamwambia kama 1,000 hivi. Akatingisha kichwa. "Hizi zimetengenezwa kubeba nyuma ya gari na mzigo wake. Ukiziweka zote, tela halitakaa chini, litakuwa linarukaruka, mayai yote utayakuta uji." Tukakaa tukatoa majani, zile pleti zinazopangwa kufanya springi, tukabakiza makubwa mawili ya juu na machache ya kusaidia, akazipa senta bolti mpya inayoshika majani katikati na yubolti mpya zinazofunga springi kwenye ekseli, akanisisitiza yubolti ziongezewe kukazwa baada ya safari ya kwanza maana springi zikishajilaza pana nafasi inabaki. Mzee alikuwa anaongea mayai lakini maana yake ni ile ile ya mkono kukatika: springi ngumu kupita kiasi haimezi tetemeko, inalituma lote kwenye chuma. Nikaongeza na shokapu mbili ili likishashuka lisiendelee kudunda.

Beringi za habu zipake grisi kwa mkono. Weka grisi kiganjani, chukua beringi igandamize ule upande mpana kwenye kiganja, tena na tena, mpaka uone grisi inatokeza upande wa juu katikati ya vile vidonge, zungusha kidogo rudia mpaka imalize duara. Kupaka juu juu kwa kidole hakufiki ndani. Kwenye kufunga, kaza nati huku unazungusha habu ili beringi zikae, kisha ilegeze, kisha irudishe kwa nguvu ya vidole, piga kotapini mpya. Njiani kila unaposimama zunguka uweke kiganja kwenye habu, kushoto na kulia. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono hapo, usiondoke, fungua uangalie.

Uzito. Kama nilivyosema, unene wa chuma uko huko nyuma, hili liko mbele. Mdomo wa tela, pale linapokaa kwenye gari, unatakiwa ubebe kama asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wote. Tela la kilo 1,000 mdomo uwe kati ya kilo 70 na 100. Kupima ni rahisi, mizani ile ya kujipimia mwili, weka juu yake kipande cha mbao kirefu cha kufikia kimo cha kwenye gari, teremsha mdomo wa tela taratibu hapo, soma. Fanya hivyo likiwa limepakiwa kila kitu cha safari, likiwa tupu haikuambii kitu. Mdomo ukiwa mwepesi, ukishafika ile lami ya kutoka Makuyuni kurudi mjini ukagusa 80 mkia unaanza kucheza, kushoto kulia kushoto kulia, kila mara zaidi ya mwanzo, na hapo ukikanyaga breki ghafla ndio umemaliza. Hili sio la kusikia, nimelishuhudia kwa gari la mbele yangu na sitaki kuliona tena na watoto ndani.

Kwa sababu hiyo tanki la maji limekaa juu ya ekseli hasa, chini ya sakafu ya boksi. Lita moja ni kilo moja, na maji ndio mzigo mkubwa unaopungua kila siku, ukiliweka mbele ya ekseli mdomo unakuwa mwepesi kila mnavyooga, ukiliweka nyuma unakuwa mzito kila siku. Likiwa juu ya ekseli, liwe limejaa au tupu mdomo haubadiliki. Ndani liwe na vizuizi, kuta zenye matundu, ili maji yasitupane mbele nyuma kwenye kona na kwenye breki. Betri na friji nimeviweka mbele kidogo ya ekseli, majiko na vyombo upande, nyuma kabisa nguo na magodoro, vitu vyepesi. Wanaofunga spea mbili na madumu manne ya dizeli mlangoni nyuma kwa sababu inapendeza kwenye picha, waviondoe tu, wavisogeze mbele.

Boksi lenyewe nimelijenga kwa fremu ya paipu ndogo na shiti ya milimita 1.5. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 kwa unene huo ni kilo 35, ya milimita 2 ni kilo 47, na ukiwa na shiti sita saba unaona mwenyewe zinakupeleka wapi. Wengine wanaweka alumini, ni nyepesi kweli, ila kama wewe ni mtu wa kwenda Ziwa Natron fahamu kwamba magadi yanaila alumini, na popote alumini inapogusana na chuma weka mpira au gundi nzito katikati, la sivyo wakikutana na maji wanaoza kwa kulana wenyewe. Rangi sitaongea sana: saga kutu yote, praima ya kutosha ndani na nje, ncha za paipu ziba, na acha tundu dogo la kutolea maji upande wa chini.

Vumbi ndilo lililonisumbua akili kuliko chuma. Lile jivu la kule Engaresero ni laini kama unga, linaingia pasipoingia maji. Mlango wa nyuma ndio mbaya kuliko yote kwa sababu gari likitembea hewa nyuma ya tela inakuwa pungufu, inanyonya vumbi lote la tairi na kulipeleka kwenye ule mlango. Nilijenga bila mlango wa nyuma kabisa. Jiko linafunguka ubavuni, upande wa kushoto ambako ukisimama kando ya barabara uko mbali na magari, na mama watoto ndiye aliyeamua kimo chake, alisimama pale uani nikapima kutoka chini mpaka usawa wa mkono wake ukiwa anakata kitunguu, akaniambia "baba, mimi huko porini siinami." Ikawa sentimita 90. Milango yote ina mpira mnene wa milango ya magari na vifungio vya kukaza, na juu mbele kabisa kuna kidirisha kidogo chenye chujio kinachoingiza hewa tukiwa tunatembea, kwa hiyo ndani kunakuwa na msukumo wa hewa unatoka nje badala ya vumbi kuingia. Hicho kidirisha hakikunigharimu kitu na kimefanya kazi kuliko mpira wote ule.

Boksi la mtungi wa gesi liko nje peke yake na lina matundu CHINI. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama, ukiweka matundu juu tu umetengeneza bomu. Nimeona yenye matundu juu, mengi.

Umeme kwa kifupi, waya. Kutoka betri ya gari mpaka betri ya tela ni kama mita 6 kwenda na 6 kurudi. Ukitumia waya wa milimita za mraba 4 na unachaji ampea 20, unapoteza volti nzima njiani, betri ya nyuma haijai hata uendeshe siku nzima, watu wanalaumu betri. Nimeweka wa 16, unapoteza robo volti hivi, betri inajaa na paneli ya sola inamalizia tukiwa tumetulia kambini. Na taa ziwe na waya wake wa enti, ule wa kurudishia umeme, mpaka kwenye gari, usitegemee enti ipite kwenye boli ya kuvutia, ile ikijaa vumbi na grisi indiketa ya kushoto inawasha taa ya breki ya kulia.

Breki nazo ni muhimu. Afrika Kusini na Australia, ambako watu wanajenga haya matela miaka na miaka, wameweka kikomo kwenye kilo 750, ukizidi hapo tela lazima liwe na breki zake. Mimi langu linazidi, kwa hiyo nimeweka za kusukuma, tela likilisukuma gari ule mdomo unarudi ndani unavuta waya unaokaza breki. Ukishuka kutoka Loduare kuja Karatu, halafu ule mteremko wa kushukia Mto wa Mbu, unaelewa kwa nini. Minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya mdomo kama msalaba, ili mdomo ukichomoka uangukie kwenye minyororo badala ya kuchimba barabara. Tela hapa kwetu linakuwa na namba yake peke yake, sio la kufungwa kimya kimya nyuma ya gari, kwa hiyo kabla hujakata chuma nenda ukaulize kuhusu usajili na tunza risiti za vifaa vyote.

Kwenye boksi la vifaa la tela langu kuna habu moja nzima, beringi zimeshapakwa grisi, oili sili imeshakaa, nimeifunga kwenye nailoni mbili vumbi lisipate pa kupita. Kuna yubolti mbili, senta bolti, jani kubwa moja la springi lenye masikio, bushi za springi, kotapini za kutosha, nati za tairi, na vipande viwili vya engo na klampu za kubania mkono kama ukipiga ufa. Vyote ukivikosa unavipata Karatu au Mto wa Mbu, na hata kwa dereva mwenzako mwenye Hilux, hakuna kitu hata kimoja cha kuagiza nje. Tukiwa njiani kuelekea Loliondo, kabla ya kuanza ule mlima wa kupanda kutoka Engaresero, huwa nasimama pale chini, nalala chini ya tela na tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa, nafuta ile sehemu paipu zinapopita chini ya mwamba wa mbele, na natafuta unywele. Mpaka leo sijauona. Kijana wangu mkubwa sasa hivi ameshajua, anatangulia yeye na kitambaa, anapiga kelele kutoka chini "baba huku safi," ndio tunapandisha.